Kamera ya stoo yako: kabla hujalipa, uliza swali hili moja

Leo naandika kirefu kidogo, kaa na chai yako.

Mimi nauza viatu vya kike na mikoba kupitia WhatsApp na Instagram, nikiwa nyumbani kwangu hapa Bariadi, upande wa Somanda. Sina fremu. Stoo ni chumba cha pili, na meza ya kufungia mizigo iko pale dirishani. Wateja wangu wengi wako Maswa, Mwanhuzi, Lamadi na vijiji vya katikati. Mzigo unapanda basi asubuhi, mteja namtumia namba ya konda, biashara imeisha. Msimu wa pamba, hela ikishaingia mifukoni mwa watu, kuna siku nafunga mizigo hata thelathini. Na hapo ndipo mambo yanapochanganyika.

Mwaka jana, siku moja ya namna hiyo, mteja wa Maswa akanipigia. Kalipia pea tatu, kwenye kifurushi kakuta mbili. Pea iliyopungua ni ya elfu ishirini na nane. Nikamwambia, "Subiri mama, naangalia kamera." Maana kamera nilikuwa nayo, hizi za kichwa kinachozunguka. Niliinunua kwa sababu muuzaji aliniambia, "Dada, hii unaangalia popote ulipo."

Nikafungua aplikesheni yake kwenye simu. Kuangalia kinachotokea sasa hivi, sawa. Video ya juzi? Lipia kila mwezi, kwa dola. Nikachomoa memori kadi nikaiweka kwenye laptopu. Mafaili yapo, yana majina marefu ya ajabu, na hakuna programu inayoyafungua. Nikawaandikia watu wa msaada, wakajibu nipakue programu yao ya Windows. Laptopu yangu haina Windows.

Nikamrudishia mteja hela yake. Halafu nikafanya kibaya zaidi. Nikamgeukia binti aliyekuwa ananisaidia kufunga, mtoto wa shangazi yangu kutoka Itilima, nikamuuliza pea ya tatu iko wapi. Akaniambia, "Dada, mimi nilikupa zote tatu mkononi." Sikumwamini. Sikumfukuza, lakini jinsi nilivyomwangalia wiki ile ilimtosha. Jumamosi akafunga begi lake akarudi kwao.

Siku tisa baadaye mteja wa Lamadi akaniandikia: "Dada, kwenye mzigo wangu kuna pea ya ziada, namba 38, siyo yangu."

Mzigo ule niliufunga mwenyewe.

Ndiyo maana leo naongelea kamera, na naongelea kwa wale wenye laptopu kama yangu. Najua tuko wengi: mashine ya mtumba, RAM 4, Windows ikawa inajivuta mpaka fundi akasema tuweke Linux. Yangu ina Linux Mint. Na tangu Windows 10 iliposimamishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi za zamani zisizokubali Windows 11 zinaelekea huko huko. Linux ni bure, na mashine iliyokuwa imekufa inafanya kazi vizuri tu. Shida inakuja kwenye vifaa vya kuchomeka. Kampuni nyingi za kamera za bei yetu zinatengeneza aplikesheni ya Android na ya iPhone, labda na ya Windows. Ya Linux hawana habari nayo.

Sasa usizunguke madukani ukitafuta boksi lililoandikwa "kamera ya Linux". Utachoka, halipo. Swali la kuuliza ni hili: je, kamera hii inatoa video yake kwa programu nyingine, bila kupita kwenye aplikesheni ya kampuni?

Kuna majina mawili ya kukariri. La kwanza ni RTSP. Huo ni utaratibu wa kuomba video kupitia mtandao, uliotangazwa mwaka 1998, na programu karibu zote za Linux zinaujua. Kamera yenye RTSP ni kama bomba la uani: ukiwa na ufunguo wa koki unachota kwa ndoo yoyote uliyonayo. Isiyo nayo ni maji ya kuletewa na gari, unasubiri mwenye gari apende. Jina la pili ni ONVIF. Huu ni umoja ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera za kampuni tofauti zielewane na mitambo ya kurekodi. Kwenye tovuti yao kuna orodha ya modeli zilizothibitishwa. Neno ONVIF kuchapwa kwenye boksi halitoshi, karatasi haikatai wino. Chukua namba kamili ya modeli, itafute.

Za betri ziogope. Nyingi hulala mpaka zishtuliwe na mtu kupita, kwa hiyo hazitoi RTSP. Za laini ya simu nazo nyingi hupeleka kila kitu kwenye seva za kampuni. Kama tayari una ule mfumo wa waya wenye boksi la kurekodia, hayo ya kampuni kubwa mara nyingi hutoa RTSP kwa kila kamera, usiuze bado.

Mimi nilipanda basi mpaka Mwanza na laptopu kwenye begi. Duka la kwanza, nilipouliza RTSP kijana akaniambia, "Mama, hii ni HD, usiwe na wasiwasi." Nikatoka. Duka la pili mzee mmoja akanisikiliza, akanipa kiti, akasema, "Haya, jaribu mwenyewe." Tukawasha hotspoti ya simu, kamera na laptopu zikaingia humo. Ilikuwa Tapo C200 ya TP-Link. Kwenye aplikesheni yake kuna sehemu ya mipangilio ya juu ambapo unatengeneza akaunti ya kamera yenyewe, jina na neno la siri, tofauti na akaunti yako ya kawaida. Nikafungua VLC, nikabonyeza Ctrl na N pamoja, nikaandika:

rtsp://jina:siri@192.168.43.20:554/stream1

Namba za katikati ni anwani ya kamera kwenye mtandao, yako itakuwa nyingine. Stream1 ni picha kubwa, stream2 ni ndogo. Kampuni nyingine zina maneno yao mwishoni, yatafute kwa jina la modeli. Picha ikatokea: mzee na duka lake lote kwenye laptopu ya Linux. Nikalipa pale pale. Kipimo chako kiwe hicho, siyo maneno ya muuzaji. Akikataa usijaribu, mwage na shukrani.

Kitu kidogo kilichonipotezea nusu saa: neno la siri lisiwe na alama ya @. Kwenye mstari ule alama hiyo ina kazi yake, ukiirudia programu inachanganyikiwa. Tumia herufi na namba, ila ziwe nyingi.

Kurekodi. Wapo watakaokwambia uweke Frigate au ZoneMinder. Ni programu nzuri na za bure, lakini Frigate hasa inataka mashine yenye nguvu kwa sababu inachambua picha kujua huyu ni mtu au paka. Mimi nina meza moja tu, paka wangu namjua. Natumia ffmpeg, inayopokea video na kuiweka kwenye diski bila kuigusa, hivyo laptopu haichemki. Mstari wangu ni huu:

ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://jina:siri@192.168.1.20:554/stream1" -c copy -f segment -segment_time 900 -reset_timestamps 1 -strftime 1 meza-%Y%m%d-%H%M.mkv

Kila dakika 15 inafungua faili jipya lenye tarehe na saa kwenye jina. Mteja akiniambia mzigo wa Jumanne saa nne asubuhi, naenda moja kwa moja. Fundi wako anaweza kukuwekea iwake yenyewe laptopu ikiwaka, na ifute ya zamani. Mwambie pia azime ile tabia ya laptopu kulala ukifunga kifuniko. Kama unataka irekodi pale tu kitu kinapotembea, kuna programu inaitwa Motion, nayo ni nyepesi kiasi chake.

Nafasi ya diski piga hesabu kabla. Kamera ikituma megabiti 1 kwa sekunde, siku nzima ni takriban GB 10.8. Ikituma 2, ni 21.6. Mimi narekodi saa nane za kazi, kwa megabiti 2 ni kama GB 7.2 kwa siku, kwa hiyo GB 250 zilizobaki kwenye diski zinanitosha mwezi mmoja. Wateja wa kijijini wengine wanafungua mzigo baada ya wiki mbili, kwa hiyo usijibane kwenye siku tatu. Kwenye kamera ukipewa kuchagua H.264 au H.265, ya pili inakula nafasi kidogo zaidi, lakini laptopu ya zamani inaweza kukwama wakati wa kuicheza. Mimi nimebaki na H.264.

Na hapa kuna raha ambayo sikuitegemea: haili bando. Kamera inaongea na laptopu kupitia ruta humo humo ndani ya nyumba, video haitoki nje. Bando likiisha, kurekodi kunaendelea. Kitu cha kuangalia ni saa ya kamera, maana bila intaneti inaweza kwenda upande. Ndiyo maana napenda jina la faili lifuate saa ya laptopu.

Umeme ndio ulinifundisha. Ulikatika usiku, ukarudi, asubuhi kila kitu kinawaka taa nzuri. Siku mbili baadaye natafuta video, hakuna hata moja. Ruta ilipowaka upya iliipa kamera anwani nyingine, ffmpeg ikabaki inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya ruta, iambie kamera hii ipewe anwani ile ile siku zote. Ni kazi ya dakika tano. Na ruta pamoja na kamera zitafutie betri ndogo ya akiba, ila soma kwanza volti kwenye adapta zake. Laptopu ina betri yake, kama haijafa.

Usalama nao, tafadhali. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na boksi za kurekodia kwa wingi duniani, kwa sababu tu watu waliacha maneno ya siri ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, na huko Marekani Twitter na Netflix zikawa hazifunguki. Kamera za majumbani hizo. Badilisha neno la siri siku ya kwanza. Na fundi akikwambia atafungua njia kwenye ruta ili uone kamera ukiwa safarini, kataa, mwambie akuwekee WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu 2020. Hata kampuni zenyewe zinateleza: Februari 2024 wateja kama 13,000 wa Wyze walipokea picha kutoka kamera za nyumba za watu wengine.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile kamera ya kwanza ilikuwa inazunguka chumba kizima, na godoro la binti lilikuwa humo humo stoo. Sikuwahi kumuuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, ni aibu yangu.

Nilimpigia, hakupokea. Nikaenda mwenyewe Itilima, na kitenge cha shangazi mkononi. Niliomba msamaha mbele ya mama yake, kama inavyotakiwa. Binti akasema atafikiria. Mwezi uliofuata akarudi na masharti mawili: kamera iangalie meza tu, na yeye ajue namna ya kuifungua. Godoro tumelihamishia chumbani kwangu. Kamera iko juu, imeinamia meza, haizunguki. Mstari wa ffmpeg anaujua kwa kichwa kunizidi, na kwenye kila mzigo wa pea zaidi ya mbili anakata kipande cha sekunde ishirini anamtumia mteja kabla basi halijaondoka.

Wiki iliyopita alinigonga begani: "Dada, hiyo ya Mwanhuzi umeweka namba 39, kaagiza 38." Tulirudisha video, kweli.

Ukienda dukani wiki hii, piga picha ubavu wa boksi palipo na namba ya modeli, weka hapa chini kwenye maoni. Tutaitafuta pamoja kabla hujatoa hela.