Bure Nayo Ina Bei: Kuchagua Kikaguzi cha Smalltalk

Jina lilikuwa jekundu. Nikalifuta, nikaliandika upya herufi kwa herufi, likabaki jekundu. Nikahisi nimekosea tahajia, nikarudi kwenye darasa kuhakikisha, nikafungua dirisha lingine. Saa nzima ikakatika. Mwishowe nikaliendesha hivyo hivyo kwa hasira, na programu ikanijibu sawasawa. Kosa halikuwa langu. Aliyepaka rangi hakulijua jina ambalo kompaila ilikuwa ikilifahamu siku zote.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa zana ipi ya lugha ya programu ya Smalltalk ni nafuu, siangalii kwanza bei ya dukani. Squeak, Pharo, Cuis, Glamorous Toolkit na Dolphin zote ni za bure, chini ya leseni ya MIT inayokuruhusu hata kuuza utakachotengeneza. Squeak, kwa mfano, ina sehemu chache zilizobaki chini ya leseni ya Apache. Malipo yako yapo kwingine: bando la kupakulia, kumbukumbu ya laptopu, na saa unazopoteza zana inapokupa habari zisizo za kweli. Hizo saa ndizo ghali kuliko vyote.

Unachonunua hasa

Kikaguzi ni dirisha linalofungua objekti ikiwa hai. Unaona majina ya vigeu vyake, na thamani ya kila kimoja. Chini kuna nafasi ya kuandika msimbo, na humo neno *self* ni hiyo objekti unayoitazama, na vigeu vyake unaviita kwa majina yao bila kuvitangaza. Desturi hii imerithiwa kutoka Smalltalk-80, iliyozaliwa Xerox PARC huko California.

Hapo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga jina kwenye thamani yake, na hiyo ni kazi ya kompaila. Ya pili ni kupaka rangi ili jicho lijue kipi ni kigeu, kipi ni maoni, na kipi hakijulikani kabisa. Kazi hizi zikifanywa na mafundi wawili wasiosemezana, ndipo jina halali linapogeuka jekundu. Kwa Squeak, rangi huletwa na Shout, ambayo ina msomaji wake wa msimbo aliye kando na kompaila, kwa hiyo ni lazima aambiwe ni majina gani yapo. Kwa Pharo, kompaila ya Opal, iliyoanza kutumika rasmi katika Pharo 3 mwaka 2014, na kipaka rangi husoma mti wa msimbo wa aina moja. Nafasi ya kutofautiana hupungua, ingawa haiishi.

Jaribio la dakika mbili

Kabla ya kuhamia zana yoyote, fungua dirisha la majaribio uandike:

*bei := OrderedCollection new.*
*bei add: 500; add: 1200.*
*bei inspect.*

Chagua mistari yote uiendeshe. Kikaguzi kikifunguka, nenda kwenye nafasi ya msimbo ufanye mambo manne:

1. Andika *self size*. Jibu ni 2.
2. Andika *firstIndex*, kigeu cha ndani cha darasa hilo. Kisiwe chekundu, na kikupe namba.
3. Andika *firstindex*, kwa i ndogo. Hapa rangi inapaswa kukuonya kabla hujaendesha chochote.
4. Andika *jumla := self sum*, uendeshe, kisha kwenye mstari wa pili andika *jumla*. Tazama kama jina jipya linakumbukwa (1700), na kama rangi yake inabadilika baada ya kupata thamani.

Zana na matoleo hayafanani katika hatua ya nne, na hilo si tatizo. Tatizo ni rangi kusema hapana huku jibu likisema ndiyo.

Nani anakufaa

*Squeak* ilitoka Apple mwaka 1996. Kikaguzi chake ni kile cha asili: orodha kushoto, thamani kulia. Ukiwa unasoma vitabu vya zamani vya Smalltalk, utakachoona kwenye skrini kitafanana na kilichochapishwa.

*Pharo* ilijitenga na Squeak mwaka 2008. Kikaguzi chake kina tabo. Ukifungua mkusanyiko unaona vilivyomo, na ukitaka vigeu ghafi unahamia tabo nyingine. Ukibofya kitu, safu mpya inafunguka upande wa kulia, kwa hiyo hupotei kwenye msitu wa madirisha. Kitabu cha *Pharo by Example* kinapatikana bure. Kasoro yake ni kwamba zana hubadilika toleo hadi toleo, na maelezo ya miaka iliyopita yanaweza yasilingane na unachokiona.

*Glamorous Toolkit* imejengwa juu ya Pharo. Hapa kila darasa linaweza kuandikiwa mwonekano wake: oda ijionyeshe kama jedwali, njia ijionyeshe kama mchoro. Kwa anayechimba mfumo mkubwa ni hazina. Lakini ni nzito kuliko zote hapa, na laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo itaihisi.

*Cuis*, iliyoanzishwa na Juan Vuletich wa Argentina, imefanywa ndogo kwa makusudi. Bando lako halitalia, na msimbo wake unasomeka na mtu mmoja akaumaliza.

*Dolphin* ilifunguliwa msimbo wake kwa umma mwaka 2015. Ni ya Windows pekee, kwa hiyo wa Linux apite.

Kuna pia VisualWorks ya Cincom na VAST ya Instantiations. Hizi ni bidhaa za biashara, na kampuni inayozilipia inanunua huduma na uhakika wa mifumo mikubwa ya miaka mingi. Kwa kujifunzia, usitoe pesa huko.

Hukumu

Anayeanza na ana mashine ya wastani achukue Pharo. Mwenye mashine dhaifu au bando la kubana achukue Cuis. Anayefuata kitabu cha zamani abaki na Squeak. Glamorous Toolkit iache mpaka uwe na mradi wa kweli wa kuuchungulia.

Na utakayoichagua, ifanyie jaribio lile kwenye toleo ulilopakua wewe, si lile rafiki yako analolisifia. Jina likigeuka jekundu na una hakika nalo, liendeshe kwanza ndipo ulihukumu.