Chipu za Kupimia Muda wa Mbio: Ipi Yafaa Milima ya Usambara?

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za marathoni. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Tukigawanya mita 42,195 kwa muda huo, twaona kwamba walikimbia wastani wa mita 5.4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, sehemu tatu za mia za sekunde ni sentimita 16 tu. Na hata tukikadiria kuwa mwishoni waliongeza kasi, pengo lao halikufika robo mita. Pengo dogo namna hiyo husomwa katika picha za kamera iliyoelekezwa kwenye mstari wa kumalizia. Chipu haiwezi kulipima kwa uhakika.

Hilo ni somo la kwanza kwa kila kamati inayokusudia kununua au kukodi vyombo vya elektroniki kwa ajili ya mbio. Kila chombo kina maswali kiwezayo kuyajibu na mengine kisiyoyaweza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chipu ifanyavyo kazi, aina zake, na namna ya kuchagua ile ifaayo mahali kama Lushoto na milima ya Usambara kwa jumla.

Chipu ni nini?

Chipu ni kitambulishi kidogo chenye namba yake ya pekee. Haina saa ndani yake, wala haipimi chochote. Mshindani huifunga kwenye kamba za kiatu, au huipata ikiwa imebandikwa nyuma ya namba ya kifuani. Mstarini hutandikwa mkeka wenye nyaya za antena, na nyaya hizo huunganishwa na kisomaji, yaani sanduku lenye saa. Mshindani apitapo juu ya mkeka, chipu hutaja namba yake kwa mawimbi ya redio, na kisomaji huandika namba hiyo pamoja na wakati ilipopita. Kazi hii yafanana na ya mwalimu aitaye majina darasani, ila kisomaji huweza kupokea maitikio mamia katika sekunde moja.

Yafaa ieleweke kwamba uwanda wa mawimbi ya mkeka una upana wake. Tuseme mshindani asikika ndani ya mita mbili, naye aenda mita tano kwa sekunde. Yumo ndani ya uwanda huo kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Aidha, chipu ya kiatuni husafiri na mguu, hali kanuni za riadha huangalia kiwiliwili kilipoufikia mstari. Ndiyo sababu wawili wafikao bega kwa bega huhitaji jicho la kamera na la mwamuzi.

Aina tatu za chipu

Ya kwanza hutumia masafa ya chini, yapata kilohezi 134. Haina betri, hupata nguvu kutoka katika uwanda wa sumaku wa mkeka wenyewe. Husikika kwa umbali mfupi, nayo haisumbuliwi sana na maji wala tope. Chipu za namna hii zilitumika katika marathoni ya Boston mwaka 1996. Kwa kuwa bei yake si ndogo, hukusanywa baada ya mbio.

Ya pili hutumia masafa ya juu sana, kati ya megahezi 860 na 960. Hii nayo haina betri. Ni nyepesi kama karatasi ya kubandika, husikika kwa umbali wa mita kadhaa, na ni rahisi kiasi kwamba mshindani huondoka nayo. Udhaifu wake ni kuwa maji huyanyonya mawimbi hayo, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Namba iliyolowa na kugandamana na kifua yaweza kunyamaza kabisa mkekani. Kwa hiyo wengi huweka sifongo jembamba kati ya chipu na mwili, au humpa kila mshindani chipu mbili.

Ya tatu ina betri yake. Sauti yake ni kali, na usahihi wake ni mkubwa, hivyo hupendwa katika mashindano ya baiskeli na ya magari. Lakini ni ghali, betri zake huisha, na ikipotea ni hasara kwa mwandaaji.

Muda upi ni rasmi?

Mwanzoni mwa mbio zenye watu wengi, aliye nyuma huvuka mstari baada ya mlio wa bastola. Mkeka wa mwanzo huonyesha muda alioutumia yeye mwenyewe. Hata hivyo, kwa kanuni za kimataifa za mbio za barabarani, muda rasmi huhesabiwa tangu mlio wa bastola. Kamati yapasa itangaze mapema ni muda upi utakaotoa zawadi, kwani ugomvi mwingi wa matokeo huzuka hapo.

Hali ya Usambara

Tuchukue mfano wa mbio zinazoanzia Mombo na kumalizikia Lushoto. Barabara hiyo hupita Soni, ni zaidi ya kilomita 30, nayo hupanda karibu mita 1,000. Ina kona nyingi, na mahali penye kona hapakosi vijia vya mkato. Mkeka wa mwanzo na wa mwisho peke yake hauwezi kujua nani alifuata barabara na nani aliikata. Lazima pawe na vituo vya kati: kimoja Soni, na kingine mahali ambapo washindani hawakuambiwa.

Vituo vikiwa vingi, saa zake zapaswa kwenda sawa. Saa ya kituo kimoja ikitangulia kwa sekunde 30, matokeo yote ya kituo hicho yatapotoka. Visomaji vizuri husahihisha saa zake kwa setelaiti. Hali kadhalika, mtandao wa simu hukatika mabondeni. Kisomaji kinachotegemea kutuma habari papo hapo, bila kuzihifadhi ndani yake, hakifai milimani.

Jambo kubwa zaidi ni usalama. Njia ikipita katika msitu kama wa Magamba, ukungu ukishuka na baridi ikiingia jioni, orodha ya chipu huonyesha ni nani aliyepita kituo cha mwisho na ni nani bado. Mwaka 1968 huko Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na goti lake likiwa limeumia. Yeye alikuwa akielekea uwanjani, mbele ya macho ya watu. Aliyeumia goti msituni hana wa kumwona, na laini moja tupu katika orodha ndiyo itakayowatuma waokoaji kumtafuta.

Namna ya kuchagua

Kwa mbio za watu mia chache katika milima hii, chipu isiyo na betri yatosha. Njia ikiwa na tope na vijito, ile ya masafa ya chini ifungwayo kiatuni ina nafasi njema. Njia ikiwa ni ya lami, ile ya kubandika hupunguza gharama. Fedha zinazookolewa zitumike kuongeza kituo kimoja cha kati, na kukodi kamera ya mstari wa mwisho.

Kabla ya kulipa, kamati imwulize mwenye vyombo: Je, betri za kisomaji zitadumu hadi mshindani wa mwisho afike? Je, habari huhifadhiwa mtandao ukikatika? Je, kuna kisomaji cha akiba? Kisha wafanye jaribio. Watu 20 walowe fulana zao, wakimbie pamoja juu ya mkeka mara kadhaa, na karani aandike namba zao kwa kalamu. Orodha mbili zisipolingana, chombo hicho hakijawa tayari.

Karani huyo asiachwe siku ya mbio. Kijana aliyepanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa miguu yake anastahili muda wake ujulikane, hata kama chipu yake ilinyamaza kwa mvua.