Mbwa wa Pili Uani

Kilimarondo, wilayani Nachingwea, mbwa hafugwi kwa ajili ya kupigwa picha. Kazi yake iko shambani. Mahindi yakianza kubeba na muhogo ukinenepa, nguruwe pori huingia usiku, na mchana nyani hungoja mlinzi ashuke dunguni. Mbwa wa pili huletwa kwa kuwa wa kwanza amezeeka, na mara nyingi huletwa kwa kuchelewa: mzee haoni vizuri, viungo vinamuuma, hataki kuchezewa masikio. Hapo ugomvi haukosekani.

Ushauri wangu ni kumleta mdogo wakati mkubwa bado anafika shambani kwa miguu yake. Mtoto wa mbwa hujifunza kwa kufuata mkia wa mwenzake: njia ipi, harufu ipi ya kubwekea, lini arudi nyuma dume la nguruwe likigeuka. Hayo wewe huwezi kumfundisha. Ila asiachishwe mama kabla ya wiki nane. Anapong'atana na ndugu zake ndipo anapojua meno yake yanauma kiasi gani.

Usimtoe kwenye kikapu na kumtua katikati ya ua, kwani ua una mwenyewe. Wakutane barabarani au kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kila mbwa na mtu wake, kamba zilegee. Kamba ikikazwa, mbwa huhisi amebanwa na hujihami. Watembezeni sambamba kwanza, kisha waacheni wanusane kwa nyuma. Huko ndiko kusalimiana kwao. Nyumbani warudi pamoja, mzee mbele.

Mzee akinguruma, wengi huokota fimbo. Hilo ni kosa. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayechapwa kwa kuonya atakuja kuuma kimyakimya. Mdogo akilala chali na mzee akaondoka zake, shauri limekwisha. Bali mzee akikakamaa mwili mzima, akamkodolea macho mwenzake bila kupepesa, mwite na uwatenganishe.

Ugomvi mwingi, hata hivyo, hutokea kwenye chakula. Jioni nyingi nimeona jambo lile lile: ugali umeshapakuliwa, mtu anakwangua ukoko, anautupa chini kwa mkupuo mmoja, na mbwa wawili wanaurukia. Kisha tunasema mzee ana roho mbaya! Mkoani Lindi nyumba nyingi ni za Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana mbwa huwa na chombo chake tangu zamani, mara nyingi kigae cha chungu au sufuria iliyobonyea. Sasa tafuta kigae cha pili. Kimoja kiwe mbele ya nyumba, kingine nyuma, mzee apewe kwanza, na vyote viondolewe wakimaliza. Kivuli anacholalia mzee kibaki chake.

Kabla ya yote hayo, chanjo. Kati ya 2010 na 2015 Lindi ilikuwa ndani ya mpango mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, uliofika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba. Lakini mbwa waliochanjwa wakati ule wengi wamekufa, na huyu uliyemleta jana hana kinga yoyote. Muone afisa mifugo wa kata, wachanjwe wote wawili, na urudie kila mwaka. Mdogo akiwa anaharisha au macho yanatoa tongo, akae mbali na mzee mpaka apone.

Wakishikana, usiingize mkono. Wamwagie ndoo ya maji. Ukiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, hakuna tiba.