Tairi, Kauri na Gundi

Waandishi wa historia ya sanaa huko Ulaya wamekwisha kukubaliana juu ya mwaka, nao ni 1912. Mwaka huo Pablo Picasso, akiwa Ufaransa, alibandika juu ya picha yake kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa sura ya kiti cha kusuka, akaizungushia picha hiyo kamba halisi mahali pa fremu. Mwaka huo huo mwenzake Georges Braque alibandika karatasi zenye sura ya mbao. Sanaa hiyo ikaitwa kolaji, kwa neno la Kifaransa litokanalo na kugandisha kwa gundi. Mwaka 1942 Picasso huyo huyo aliunganisha kiti cha baiskeli kuukuu na usukani wake, vikawa kichwa cha fahali. Na mwaka 1961 jumba la Museum of Modern Art, New York, likafanya maonyesho makubwa ya sanaa ya kuunganisha vitu, na vilivyookotwa jalalani vikapata heshima ya kutundikwa ukutani.

Hatubishani na mwaka huo. Twauliza tu, ni mwanzo wa nani?

Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mdogo wa Kuba, uliojengwa katika karne ya 15. Waashi wake walichukua mabakuli ya kung'aa yaliyoletwa na majahazi, wakayapachika darini ndani ya chokaa, bakuli zima zima, ili yamulike juu ya vichwa vya wenye kuswali. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale zilipachikwa kauri za Uchina kwa namna hiyo hiyo. Nako kusini, Wamakonde wachongapo vinyago vya mapiko hugandisha juu ya mti nywele halisi za binadamu, wala hawaoni haja ya kuchonga nywele za mti wakati nywele zenyewe zipo.

Hapo ndipo penye siri ya mwaka 1912. Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alifunzwa kwamba kamba huchorwa kwa rangi. Kuibandika kamba yenyewe ilikuwa utovu wa adabu. Picasso aliubomoa ukuta huo, na twamsifu kwa ujasiri wake. Lakini ukuta huo sisi hatukuujenga. Tena tusisahau kwamba mwaka 1907, kabla ya gundi yake, alikuwa amekwisha kuingia jumba la Trocadéro mjini Paris na kuvitazama vinyago vya Afrika.

Sasa turudi nyumbani, Makumira na vitongoji vya mlima Meru. Miguuni mwa wachungaji wa mifugo, wakulima na wapagazi huku kwetu zimo katambuga. Fundi hulitwaa tairi kipara, akakata soli kwa kisu kikali kwa kufuata mviringo wa tairi lenyewe, akatoa kanda katika mpira wa ndani, akazipigilia kwa misumari midogo. Tairi lenye nyuzi za chuma hulikataa kisu, kwa hiyo fundi hana budi kulijua tairi kabla ya kulinunua. Wazee wetu watakumbuka kwamba mjini Arusha kilikuwapo kiwanda cha General Tyre, kilichotoa matairi tangu miaka ya 1970 mpaka kikafunga milango mwaka 2009. Tairi lililotoka katika mikono ya mfanyakazi wa Arusha liliweza kuzunguka nchi nzima, kisha likaishia mguuni mwa mwenzake. Twadiriki kusema kwamba baiskeli ya Picasso haikupata safari iliyo bora kuliko hiyo.

Na wanawake wa Kimaasai na Kiarusha je? Shanga zao ni kioo kilichovuka bahari kutoka Ulaya. Wakazishonea juu ya ngozi pamoja na vifungo vya mashati, vipande vya bati na mikufu, kila kimoja mahali pake. Hakuna aliyewapa cheti.

Twaandika haya kwa sababu ya fedha, wala hatuoni haya kulitaja neno hilo katika habari za sanaa. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, hukata picha za majarida na kuziunganisha, na mwaka 2019 sanamu zake zilisimamishwa mbele ya jumba la Metropolitan, New York. Cyrus Kabiru, wa Nairobi vile vile, huunda miwani kwa takataka za jijini. Watu hao wanajulikana kwa majina, na kazi zao huuzwa kwa majina hayo. Fundi wa katambuga na mshona shanga hawana jina. Kazi yao huitwa kumbukumbu ya safari, ikatundikwa dukani kando ya njia ya watalii, na tofauti ya bei kati ya mkono ulioifanya na mkono ulioinunua hubaki kwa mtu wa katikati.

Mafundi hawa wafaa kuungana katika ushirika wao wenyewe, kama wakulima wa kahawa wa milima hii walivyofanya zamani. Maofisa wa utamaduni wa wilaya nao waanze na jambo dogo lisilohitaji bajeti: jina la fundi na kijiji chake viandikwe kwenye karatasi ya bei, na fundi aoneshwe karatasi hiyo kabla mali yake haijatundikwa.