Ukienda kununua redio, isome mgongoni

WAHENGA walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Katika nyumba nyingi za mjini mjukuu huyo hukaa juu ya kabati, amefunikwa kitambaa cha kufumwa, na hasemi neno. Ni redio kaseti iliyotafuna kanda juma la pili, au spika zilizopasuka sauti siku ya arusi, au vile vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya ambavyo upande mmoja ulinyamaza kabla ya mwezi kuisha. Ukimuuliza mwenyewe atacheka, kisha atakutajia bei. Bei haisahauliki.

Mimi pia nina mjukuu wangu, na kisa chake si cha kuchekesha.

Mwaka 1994 mama yangu aliuza mtamba, akanipelekea pesa Nairobi kwa mkono wa jamaa yetu aliyekuwa akirejea kazini. Maagizo yalikuwa mafupi: nimnunulie redio nzuri. Ile yake ya zamani ilikuwa imeanza kukohoa, na kwake redio haikuwa anasa. Kijijini kwetu, Kakamega, hatukuwa na stima wala simu. Aliyetaka kujua shule zinafunguliwa lini, au nani katika ukoo ameaga dunia, alitega sikio KBC. Jamaa waliotawanyika kote nchini waliitana mazishini kwa matangazo ya vifo.

Nilienda Luthuli Avenue na zile pesa. Dukani nilionyeshwa redio mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi, ya betri tatu, ina spika moja na kamba ya kubebea. Ya pili ilikuwa kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, rangi ya fedha, yenye sehemu mbili za kuwekea kanda na taa nyekundu na kijani zilizocheza pamoja na muziki. Mbele ilikuwa imeandikwa WATI 3,000. Muuzaji alitia kanda yake yenye besi nzito, na duka zima likatetemeka.

Sikuuliza swali hata moja. Nilijiona nikishuka kwenye basi kijijini, redio ikiwa begani na watoto wakinifuata. Naam, mtamba wa mama nilimgeuza kuwa fahari yangu.

Krismasi hiyo watu walijaa kwetu. Redio ilitaka betri kubwa nane, na baada ya siku tatu za kanda na taa, zote zilikuwa zimekwisha. Tulinunua nyingine. Nilipotafuta KBC, mtangazaji alisikika kana kwamba kuna mtu anakaanga nyama ndani ya redio. Mama hakusema kitu. Ile redio yake ya zamani alikuwa tayari amempa jirani. Mapema Januari nikarudi kazini.

Mwezi Machi mwaka 1995 mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki Nakuru. Tangazo lilisomwa redioni jioni mbili mfululizo. Mama alipata habari kutoka kwa mwalimu mmoja, siku tatu baada ya mazishi. Nilipofika nyumbani hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, redio yako ni nzuri sana, lakini haizungumzi."

WATI ZA KARATASI

Niliirudisha Nairobi, na fundi mmoja wa River Road ndiye aliyenifungua macho. Hakutazama mbele ya redio hata kidogo. Aliigeuza. Kando ya tundu la waya wa stima palikuwa na kibandiko kidogo chenye maandishi ya kuumiza macho: volti 240, wati 28.

Mbele 3,000, mgongoni 28. Ni upi ukweli? Ukweli ni mgongoni. Chombo cha umeme hakiwezi kutoa nguvu kuliko ile inayoingia. Hata hizo wati 28 hazifiki zote kwenye spika, kwa maana nyingine hupotea kuwa joto, na nyingine huzungusha kanda na kuwasha taa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Plagi zetu za amperi 13, kwenye stima ya volti 240, zinabeba wati 3,120 hivi. Redio ya wati 3,000 za kweli ingekuwa inakula stima sawa na birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 zikitumika kwa wakati mmoja. Betri nane zingeiwezaje?

Siri imo katika herufi nne ambazo aghalabu huandikwa kando ya tarakimu hizo: PMPO. Maana yake ni nguvu ya kilele, ile ambayo mashine inadaiwa kuifikia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna kipimo kimoja cha nguvu hiyo kilichokubaliwa na wote, kwa hivyo kila kiwanda hujiandikia kinavyopenda. Nguvu inayomfaa mnunuzi kuijua ni ile ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila sauti kuharibika, na mara nyingi huandikwa kwa herufi RMS. Nchini Marekani, ulaghai wa namna hii katika amplifaya za nyumbani ulifanya serikali kutoa kanuni mwaka 1974 kuhusu jinsi ya kupima na kutangaza nguvu hizo. Mwaka 2024, nusu karne baadaye, kanuni hiyo ilibidi ifanyiwe marekebisho. Basi ujue ugonjwa huu si wa Luthuli Avenue peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sikio la binadamu halihesabu wati moja moja. Ili usikie sauti kuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Anayetoka wati 10 kwenda 20 husikia tofauti ndogo tu. Katika sebule ya nyumba ya mjini, wati kumi za kweli zinatosha kumwamsha jirani wa juu na wa chini.

Fundi alipoifungua redio yangu, tulikuta maajabu zaidi. Kati ya spika nne zilizoonekana mbele, mbili zilikuwa vibakuli vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha, havina sumaku wala waya. Na kile kijiti cheusi cha feraiti kinachonasa masafa ya kati, yaliyobeba KBC hadi mashambani miaka hiyo, kilikuwa kifupi kama kidole. Ule mwiba mrefu wa eriali tunaouvuta juu hausaidii masafa hayo. Redio ndogo niliyoidharau pengine ilikuwa na kijiti kirefu kuliko hicho.

MOSHI WA JAPANI

Si kila majuto huletwa na bidhaa duni. Jirani yangu mmoja mtaani Umoja alinunua mashine ya muziki ya mitumba iliyotoka Japani, kitu cha kweli, kizito, kilichotengenezwa kwa ustadi. Aliichomeka ukutani mbele ya wageni wake. Ulisikika mlio mmoja, kisha moshi. Stima ya Japani ni ya volti 100, yetu ni 240. Alihitaji transfoma ya kupunguza nguvu, na hakuna aliyemwambia.

Na hata angekuwa nayo, shida ya pili ilikuwa inamngoja. FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia megahazi 76 na kuishia 90, ilhali yetu inaanzia pale 88 na kufika 108. Ndiyo maana wengi walionunua magari kutoka huko wameshangaa kuona redio yenye taa za kupendeza ikishindwa kunasa Capital FM iliyo 98.4 au Radio Citizen iliyo 106.7 hapa Nairobi. Mafundi huweka kifaa cha kuyashusha masafa, lakini namba inayoonekana kwenye kioo huwa si ile ya kituo chenyewe.

HATA WENYE PESA WALILIA

Msomaji asidhani kwamba majuto haya ni ya maskini tu. Kampuni ya Philips, iliyoleta kaseti tunayoijua mwaka 1963, ilitoa mwaka 1992 kaseti mpya ya kidijitali iliyoitwa DCC. Mashine zake zilikuwa ghali, na zilicheza hata kanda za zamani. Lakini watu walikuwa wameshazoea sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ambayo huruka hadi wimbo unaoutaka bila kurudisha kanda. Kufikia mwaka 1996 DCC ilikuwa imeachwa. Waliokimbilia kuinunua walibaki na mashine nzuri isiyo na kanda mpya za kucheza.

Vijana nao wana yao. Mpwa wangu aliye chuo kikuu alinunua vipokea sauti visivyo na waya mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara kisanduku kilikuwa na jina kubwa na bei ndogo. Alipojumlisha, pesa hizo zingemnunulia kimoja halisi na chenji ya nauli ibaki. Tena vifaa hivi vidogo vina betri iliyofungiwa ndani. Betri hiyo huchakaa kadiri unavyoichaji, na ikifa, kwa kawaida fundi hana pa kuanzia. Rahisi ni ghali, walisema wazee.

KABLA HUJATOA PESA

Kwanza, jiulize kifaa ni cha nani na kitatumika wapi. Mtu anayetaka habari hahitaji taa za dansi.

Pili, geuza kifaa usome mgongoni au chini. Tazama volti, kisha wati. Kikiwa kimeandikwa 3,000 mbele na 28 nyuma, mwamini wa nyuma.

Tatu, usisikilize wimbo wa muuzaji. Nenda na wako, ule unaoujua vizuri, na uucheze kwa sauti ya chini. Besi nyingi kwa sauti ya juu huficha mabaya mengi. Kama ni redio, tafuta kituo unachosikiliza nyumbani.

Nne, soma jina herufi kwa herufi. Bidhaa bandia hupenda kubadilisha herufi moja tu, na haraka ya mnunuzi humalizia kazi.

Tano, dai risiti na maandishi ya dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa hizo. Lakini bila risiti utaanza vipi kulalamika?

Mimi nilijifunza haya nikiwa nimechelewa. Mwaka ule ule wa 1995 nilirudi kwenye lile duka, nikanunua redio ndogo nyeusi ya betri tatu kwa mshahara wangu mwenyewe, nikampelekea mama. Aliiweka kando ya kitanda chake. Betri zilidumu majuma mengi, na kila jioni saa ya matangazo ya vifo ilipofika, aliwanyamazisha watoto wote.

Ile kubwa ilirudi kijijini pia, ikakaa kwenye kona ya sebule. Mama aliitandikia kitambaa, akaweka juu yake picha ya mjomba.