Mahindi, Dagaa na Presha ya Mimba

Mwaka 1980 madaktari wawili, José Belizán na José Villar, waliandika jambo lililowashangaza wenzao. Wanawake wa Kimaya wa Guatemala, fukara kabisa, walikuwa hawapati sana kifafa cha mimba, ilhali mafukara wa kwingineko walikuwa wakifa nacho. Madaktari hao waliyanyoshea kidole mahindi. Wamaya huyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa ina madini ya kalsiamu.

Habari hii inatugusa watu wa Rukwa. Uwanda wa Ufipa ni ghala la mahindi, lakini mahindi yetu hayaonani na chokaa. Yanakobolewa, yanasagwa, yanakuwa sembe isiyo na kalsiamu ya kutajika. Ulezi, zao la wazee wetu, unayo kwa wingi kuliko nafaka zetu nyingine, ila kwenye chungu cha ugali ulishayapisha mahindi. Ukishuka Ziwa Tanganyika, Kipili na Kirando, mambo ni tofauti: dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na kalsiamu imo humo humo. Je, mama wa Kipili ana kinga kuliko wa Sumbawanga mjini? Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Dagaa wengi hupakiwa kwenye magari, na mimba ya kwanza, umri mdogo, mapacha, kisukari au presha ya zamani haviulizi umekula nini. Rukwa nayo imo kwenye mikoa yenye mimba nyingi za wasichana.

Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito ambao chakula chao kina upungufu. Hivyo ni vidonge vitatu au vinne, vikubwa, vya kumezwa kwa miezi. Nani atavimaliza? Ndiyo maana utafiti uliotangazwa mwaka 2024, uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, India, kila upande ukiwa na wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, ni habari kubwa kwangu. Kwa Dar, waliomeza miligramu 500 tu walipata presha yenye protini kwenye mkojo, ile inayotangulia kifafa cha mimba, kwa asilimia 3.0; waliomeza 1,500, asilimia 2.7. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhalalisha mzigo wa vidonge, ingawa kuhusu watoto njiti majibu ya Dar hayakunyooka kama ya India.

Chanzo cha ugonjwa kiko kwenye kondo. Mishipa inayolilisha isipotanuka vizuri mapema, kondo humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa yake. Presha hupanda, figo huvujisha protini, ubongo huathirika, na mwisho huja degedege ambalo majirani hulisingizia mashetani. Kabla ya hapo mama anaweza asihisi lolote. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 haina sauti. Ni kipimo tu kitakachoisema. Kuvimba miguu peke yake kusikutishe sana. Kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona nyota au kiwi, maumivu chini ya chembe ya moyo: hizo ndizo dalili za kukimbilia zahanati usiku huo huo.

Na pale zahanati kuna dawa, tena ya bei nafuu. Utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Gramu 10, nusu kila tako, zichomwe kabla mama hajaanza safari ya kupandisha Namanyere au kuendelea hadi hospitali ya rufaa ya mkoa Sumbawanga. Gari la dharura la mfumo wa m-mama huitwa kwa 115, bila malipo. Nchini, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Kutoka hapo kushuka zaidi, kwa maoni yangu, kutategemea sindano hiyo kutangulia gari.

Kujifungua nako hakufuti hatari siku hiyo hiyo. Degedege linaweza kuja hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo aliyekuwa na presha asiwahi kupanda mtumbwi kurudi kijijini kabla hajapimwa tena.