Ng'ombe Akivimba Paja, Weka Kisu Chini



Asubuhi umekwenda zizini ukamkuta mtamba wako mnono anachechemea, na paja limevimba. Jana alikuwa malishoni na wenzake, hana neno. Jirani asema amepigwa pembe. Pengine ni kweli. Lakini pengine ni chambavu, nao ugonjwa huo haungoji: mara nyingi mnyama hufa katika muda wa saa 12 hadi 48.

Mimi ni karani, si daktari. Kazi yangu ni kuandika habari uletazo ofisini ili daktari wa mifugo ajue la kufanya. Basi tazama mambo manne haya, uje na majibu yake.

1. Umri wake. Chambavu hushika hasa ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2, tena walionenepa. Kondoo hupatwa zaidi baada ya jeraha: kukatwa manyoya au mkia, kuhasiwa, ama kuzaa.

2. Mahali pa uvimbe. Mara nyingi ni penye nyama nyingi: paja, bega, shingo, kifua au mgongo.

3. Hali ya uvimbe. Bonyeza kwa kiganja. Mwanzoni huwa na moto, na mnyama huumia. Baadaye hupoa, wala mnyama hasikii maumivu, na chini ya ngozi utasikia kama majani makavu yanayovunjika. Hiyo ni hewa itokayo kwa vijidudu vilivyo ndani ya nyama.

4. Hali ya mnyama. Je, ana homa? Amekataa kula na kucheua?

Ukiona hayo, mwite daktari saa ile ile. Penisilini ikidungwa mapema yaweza kumwokoa. Ikichelewa, mara nyingi haifai kitu.

Je, akiwa amekwisha kufa? Hapo ndipo pana hatari kubwa. Nyama ipo, watoto wana hamu, na kisu ki mkononi. Ndugu, weka kisu chini! Mnyama aliyekufa ghafla aweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au mkunduni, ni dalili yake. Lakini hata usipoiona damu hiyo, usipasue, maana kimeta chaweza kujificha.

Daktari huchukua kwanza damu kidogo na kuitazama kwa hadubini. Akiona si kimeta, ndipo hukata kipande cha nyama iliyougua. Nyama ya chambavu ni nyeusi, kavu, ina vitundu kama sifongo, na hunuka kama siagi iliyochacha. Kipande hicho hupelekwa maabara upesi, kwa sababu mzoga ukikaa, vijidudu vingine huingia na ukweli hupotea.

Mzoga uchomwe, au uzikwe chini sana pamoja na ngozi yake, kama daktari atakavyoagiza. Usiwape mbwa. Mbegu za vijidudu hivi hukaa udongoni miaka mingi, na ndama wako wa kesho watakula majani ya hapo hapo.

Kinga ipo. Chanjo ya Blanthax, itengenezwayo hapa Kenya, huzuia kimeta na chambavu pamoja. Chanja kila mwaka, wala usiwasahau ndama waliofikia umri. Bei ya sindano ni ndogo. Mtamba mmoja ni maziwa ya nyumba yako na karo ya watoto.